Mbegu Niliyompa Shemeji

Jumapili, 2 Juni 2024

Mchungaji ametugawia madaftari, kila mtu moja na kalamu moja, akasema tuandike yaliyo moyoni. Moyoni! Mimi moyoni nilishafunga duka. Lakini cha bure hakikataliwi, na tangu tufungiwe ndani saa kumi jioni mpaka usingizi uje, ni muda mrefu wa kumsikiliza Mzee Mathenge akisafisha koo. Basi nitaandika.

Jina ni Jotham Mukhisa, miaka arobaini na sita. Nilikuwa na duka la pembejeo Kibomet, mtaa wa Kitale: mbegu, mbolea, dawa za ng'ombe. Nimefungwa miezi kumi na minane, nimekula minne. Nikiwa na adabu nitatoka Februari. Gereza lenyewe ni la shamba, nje kidogo ya mji wa Kitale, na kazi yetu kubwa ni mahindi. Mungu naye ana mizaha yake.

Jumanne, 4 Juni

Mvua. Hatukutoka. Uji, kuhesabiwa, maharagwe, kuhesabiwa.

Alhamisi, 6 Juni

Leo tulitia mbolea ya kukuzia. Nikaona vijana wanaimwaga juu ya majani kama wanaowapa kuku mtama. Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia, jamani, mnayachoma! Weka chini, mbali na shina upana wa kiganja, kisha funika na udongo. Afande Kimeli, msimamizi wa shamba, alikuwa nyuma yangu.

"Wewe umejulia wapi?"

"Nimelima, Afande."

"Basi kuanzia leo wewe ni nyapara wa hawa. Mahindi yakiungua, unaungua nayo."

Jioni walikuwa wananiita Daktari. Nimefurahi. Naandika hivyo ili nijione nilivyo mpumbavu: mtu kafungwa kwa sababu ya mahindi, anafurahi kuitwa daktari wa mahindi.

Mzee Mathenge hajui hilo. Tunalala mikeka miwili inayogusana. Yeye ni mkulima wa kutoka familia za Nyeri zilizonunua mashamba huku zamani. Siku ya kwanza nilipoingia aliniambia bila kupepesa macho: "Mimi nilimkata jirani sikio kwa panga, kwa mambo ya mpaka. Wewe?" Nikamwambia nilimgonga mtu na pikapu, akafa. Lilitoka lenyewe mdomoni. Akanishika bega akasema pole sana, hiyo ni ajali, inaweza kumpata mtu yeyote.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu Nekesa amekuja. Baada ya duka kufungwa alirudi na mtoto nyumbani kwetu, karibu na Bumula, kwa hiyo kuja hapa ni safari ya kuamka alfajiri. Tunaongea kupitia wavu. Amekonda.

Kizito wetu ana miaka kumi na minne, yuko gredi ya nane, na huu ni mwaka wa kutahiri. Kwetu Wabukusu ni Agosti, kila baada ya miaka miwili, na ukiruka huu unangoja mpaka 2026 wakati wenzako wote wameshakuwa watu wazima. Mtoto amesema ni mwaka huu, ni nyumbani, na si kwa daktari.

"Kengele za jando ameshafunga mikononi," Nekesa akasema. "Anataka kuanza kualika watu. Sasa shida ni khocha wake."

Khocha ni mjomba, kaka ya mama. Mtoto hawezi kutahiriwa vizuri kabla hajaenda kwa mjomba wake. Huko anachinjiwa ng'ombe, na ile nyama ya kidari, luliki, anavishwa shingoni arudi nayo kwao akiimbiwa, ili kila mtu ajue kwamba upande wa mama umemkubali. Asiyevishwa anaonekana. Mpaka akizeeka wataulizana: huyu khocha wake alimnyima kwa nini?

Na khocha wa Kizito ni Sifuna.

Jumatatu, 10 Juni

Nimejaribu kulala, wapi! Acha niandike habari ya Sifuna, hata kama mkono hautaki.

Machi mwaka jana mvua iliwahi, na mbegu halisi zikaisha kila duka. Watu walikuwa wananigongea mlango kabla sijanywa chai. Stoo nilikuwa na mahindi ya kula, mazuri, makubwa. Nikayachambua, nikayapaka ile rangi ya waridi ya mbegu, nikayatia kwenye mifuko niliyochapishiwa na fundi mmoja. Kwa macho huwezi kutofautisha. Yanaota pia, ndiyo ubaya wake. Yanaota, unapalilia, unatia mbolea, unashukuru Mungu, halafu Julai unaona shina moja refu, la pili fupi, la tatu halizai kabisa. Unavuna vigunzi.

Sifuna alikuja kutoka Bumula siku duka limejaa. "Shemeji," akasema kwa sauti, "Bungoma yote hakuna mbegu, nikasema mimi nina mtu Kitale!" Ningeweza kumvuta kando. Ningeweza kumwambia, usichukue hii. Lakini watu wote walikuwa wanatutazama, na mtu akinyima shemeji yake mbegu, wengine watajiuliza. Basi nikafanya makubwa. Nikasema, "Wewe ununue kwangu? Aibu gani hiyo!" Nikampa mifuko miwili bure. Wateja wakanipigia makofi. Mmoja akasema, hii ndiyo familia, bana.

Mwezi uliofuata akaniita kwake. Akachinja jogoo. Akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, mimi, mgeni wa heshima, na mama yake mzee Nabwile akaniombea akiwa chumba cha pili, maana mama mkwe hawezi kukaa na mimi mezani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nilijua, na firigisi nikaila.

Wakulima waliponishtaki, walimwita Sifuna kuwa shahidi. Alisimama, akasema, "Mimi sikununua. Nilipewa zawadi." Akaketi. Hakuongeza neno, wala hajaongeza mpaka leo.

Ijumaa, 14 Juni

Viwavijeshi vimeingia upande wa chini. Nimewafundisha vijana kutia majivu na mchanga katikati ya majani. Afande Kimeli amesema vizuri. Nimejaribu kutofurahi.

Jumapili, 16 Juni

Nimeanza barua kwa Sifuna. "Shemeji mpendwa, shetani alinipitia." Nimeichana. Shetani gani anayekaa siku tatu stoo akipaka rangi?

Jumatano, 19 Juni

Barua ya pili. "Shemeji, hali ya biashara ilikuwa ngumu." Nimeichana. Yake ilikuwa rahisi?

Jumamosi, 22 Juni

Mvua ya mawe. Majani yamechanika lakini mashina yamesimama. Mbegu nzuri hiyo. Mzee Mathenge amekaa mlangoni akiyatazama kama mtu anayetazama watoto wa jirani. Akaniambia, "Mukhisa, mwaka jana ndugu yangu alipanda mbegu bandia. Ekari nne. Ukiona mzee analia shambani, hutasahau." Nikamwuliza alinunua wapi. "Endebess," akasema. Sikuwahi kuuza Endebess. Nilishusha pumzi, kisha nikaona aibu ya hiyo pumzi. Mtu analia shambani, mimi nashukuru si langu.

Jumapili, 7 Julai

Nekesa amerudi na jibu la kaka yake. Naliandika kama alivyolisema, nisije nikalilainisha.

"Sifuna anasema ng'ombe yuko. Nyama atampa. Mtoto wa dada yake hawezi kumtupa. Lakini anataka wewe kwanza uandike ulichofanya, kwa mkono wako. Na Kizito ndiye atasoma, yeye mwenyewe, uani kwake, mbele ya watu, kabla hajavishwa nyama."

"Kizito asome?"

"Anasema mtoto hawezi kuwa mtu mzima akiwa amebeba uongo wa baba yake."

Nikataka kukataa palepale. Maana kuna jambo sijaliandika humu. Siku askari waliponichukua, Kizito alinikimbilia akanishika shati, na mimi nikamwambia, "Wamenisingizia, baba. Ni washindani wangu wa biashara. Wewe tembea kichwa juu." Nilijua ni mtoto na ataamini. Akaamini.

"Shuleni amepigana mara tatu," Nekesa akasema. "Wanamwita mtoto wa rangi. Mmoja alimtoa jino. Kila mara nikimwuliza, ananiambia, mama, baba alisema alisingiziwa."

Nikasema kitu ambacho naona aibu kukiandika. Nikasema, "Mpeleke hospitali. Siku hizi wengi wanaenda, dakika kumi tu, na hakuna mambo ya khocha."

Akanitazama kupitia wavu. Nekesa si mtu wa makelele. "Mwambie wewe," akasema. Kisha: "Mashati yako ya wiki ile niliyafua mimi, Baba Kizito. Ukaniambia ni dawa ya mifugo. Rangi haikutoka. Sikukuuliza tena kwa sababu niliogopa utanijibu."

Muda ukaisha. Alipoinuka hakunipungia mkono.

Jumatatu, 8 Julai

Sina la kuandika.

Alhamisi, 11 Julai

Mahindi yanatoa mbelewele. Barua ya tatu: "Wapendwa, kuna mambo yalitokea." Mambo yalitokea! Kama mvua vile. Nimeichana.

Jumanne, 16 Julai

Leo ndiyo siku.

Tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Wameletwa wafungwa wapya sita, na mmoja wao, kijana anaitwa Gathii aliyekuwa bodaboda Kibomet, akanikodolea macho. "Niaje, mzae! Si wewe ni ule msee wa mbegu za rangi? Ile agrovet karibu na stegi ya matatu?" Nikasema umenifananisha. "Zii! Ni wewe. Buda yangu alipanda hiyo maneno yako, bana. Ati mbegu! Alivuna nyasi. Hata ng'ombe ilikataa."

Watu wakacheka habari ya baba yake na ng'ombe. Halafu wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu nusu ya watu humu wana shamba nyumbani, na kila mtu alikuwa anajiuliza mwaka jana mama yake alinunua wapi. Mtu mmoja akasema polepole, "Ati Daktari."

Mzee Mathenge alikuwa mbele yangu, sahani mkononi. Hakugeuka.

Tulipofungiwa akachukua mkeka wake akauvuta mpaka ukutani. Nikamwambia, "Mzee, nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Nikaanza kukunjua mkeka wangu.

"Mimi nilikata mtu sikio, nikasema nimekata," akasema. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Wewe ulipaka rangi, ukasema umegonga. Unajua nimekuwa nafanya nini kila asubuhi tangu Februari? Namwombea yule marehemu wako. Na mke wake. Nimemwomba Mungu awape watoto wake karo. Sasa nilikuwa namwombea nani, Mukhisa? Pikapu?"

Ningependa kusema kwamba nililia. Sikulia. Nilikaa nikitazama vidole vyangu na kufikiria jinsi ya kujitetea, na kila nilichopata kilikuwa kile kile nilichoandika kwenye zile barua. Mimi ni mtu wa maneno. Nimeuza vitu miaka ishirini kwa maneno. Leo yamekwisha, na ninaona aibu mpaka masikio yanawaka, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni na kukuta kwamba kila mtu alikuwa anajua yuko uchi isipokuwa yeye.

Jumatano, 17 Julai

Afande Kimeli amenitoa unyapara. "Mimi si hakimu," akasema, "lakini hawa hawatakusikiliza tena." Nachimba mtaro wa maji. Mzee hakunisalimia.

Alhamisi, 18 Julai

Mtaro. Hakunisalimia.

Ijumaa, 19 Julai

Mtaro. Mtu amenimwagia uji mgongoni, kwa bahati mbaya, alisema. Hakunisalimia.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani mchungaji alihubiri habari ya mpanzi. Watu wakageuka wakanitazama, mistari mizima. Hata mchungaji aliona akaharakisha kufika miibani.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekuwa nikijiambia kwamba ninamlinda mtoto. Kwamba akijua atavunjika, atashindwa kusimama mbele ya kisu, na aibu itakuwa yake maisha yake yote. Maneno mazuri. Leo nikiwa mtaroni nimejiuliza: je, ninamlinda Kizito, au ninamlinda yule mtu mmoja duniani ambaye bado ananiona mimi ni mwema? Ni mtoto mmoja tu amebaki upande wangu, na nimemweka hapo kwa uongo. Anapigwa ngumi kwa ajili yangu.

Nikimwambia ukweli, atanichukia. Nisipomwambia, atakwenda kwa mjomba wake arudi shingo tupu kwa sababu yangu. Hakuna ya tatu. Nimetafuta.

Jumamosi, 3 Agosti

Nekesa anakuja kesho na ndiyo mara ya mwisho kabla ya siku yenyewe. Nimeandika baada ya chakula cha mchana. Ilipokwisha nikamwambia Mzee Mathenge, ambaye hajanisemesha siku kumi na nane, "Mzee, naomba usikilize kitu. Si lazima ujibu."

Akaendelea kushona kifungo cha nguo yake ya kunguru, hii sare yetu ya gerezani. Nikasoma. Nilipofika mahali panaposema "nilighafilika," akasema bila kuinua macho, "Hapo futa."

"Kwa nini?"

"Hukughafilika. Mtu aliyeghafilika hachapishi mifuko."

Nikafuta. Nikaendelea. Nilipofika "kama kuna niliyemkosea," akasema, "Kama?" Nikafuta. Mwishoni nilikuwa nimeweka aya nzima juu ya jinsi ninavyoteseka humu, maharagwe, baridi, chawa. Akaweka sindano chini.

"Mukhisa, wewe unapalilia juu juu. Unakata majani, mizizi unaiacha. Hiyo yote ng'oa."

Nikang'oa. Kilichobaki hakifiki ukurasa mmoja. Nanakili hapa kama nilivyoandika:

*Kwa Sifuna, na kwa mwanangu Kizito anayesoma hii.*

*Mimi Jotham Mukhisa nilinunua mahindi ya kula, nikayapaka rangi, nikayauza kama mbegu. Hakuna aliyenisingizia. Nilifanya mchana, nikiwa na akili zangu zote, na nilijua watu watavuna nini.*

*Sifuna, mifuko miwili niliyokupa ilikuwa ya hayo. Nilijua nilipokupa. Nilikupa bure ili watu wanisifu. Ulinichinjia jogoo na nikala nikijua. Mama yako alikosa chakula kwa sababu yangu.*

*Kizito, siku nilipokamatwa nilikudanganya. Mama yako hakukudanganya, ni mimi. Watoto waliokutukana shuleni walikuwa wanasema kweli. Uliwapiga kwa sababu yangu, na kosa hilo pia ni langu.*

*Siombi kitu. Ninyi mliniamini.*

Mzee akaokota sindano. "Sasa hiyo ni barua," akasema, akarudi kwenye kifungo chake.

Jumapili, 4 Agosti

Nimempa Nekesa. Askari wa zamu aliisoma kwanza, kama kawaida, akanitazama, akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta. Nekesa hakuifungua. "Ni ya kweli?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akaitia ndani ya Biblia.

Nilipogeuka nikataka kumwita airudishe. Nilifungua mdomo. Bahati alikuwa ameshafika getini.

Jumatano, 14 Agosti

Leo anaenda kwa khocha. Nimechimba mtaro mahali ambapo hapakuhitaji mtaro. Afande Kimeli akaniambia, "Wewe, unaelekea wapi?" Sikujua.

Alhamisi, 15 Agosti

Asubuhi ya kisu. Alfajiri wamempaka matope mtoni, wanapanda naye wakiimba. Saa kumi na mbili na nusu sisi tulikuwa uwanjani tumechuchumaa wawili wawili tukihesabiwa. Saa hiyo mwanangu amesimama wima mbele ya watu, hapaswi hata kupepesa jicho, na kama ilivyo kwetu baba anapaswa kuwa karibu. Miguu yangu ikainuka yenyewe. "Chini, wewe!" Afande akasema. Nikachuchumaa. Hesabu ilikuwa sawa.

Ijumaa, 16 Agosti

Hakuna habari.

Jumatatu, 19 Agosti

Hakuna habari. Gathii ameniuliza kama kijana alisimama. Nikamwambia sijui. "Utajua tu, mzae," akasema, bila dharau.

Jumapili, 25 Agosti

Nekesa alikuja amevaa kitambaa kipya kichwani, nikajua kabla hajasema. Kizito alisimama. Hakutikisika. Kidonda kinapona vizuri, yuko ndani na wenzake watatu wanakula kama nzige.

"Na barua?"

Akakaa vizuri. Aliniambia hivi. Uani kwa Sifuna watu walijaa, wengine wamekuja kwa ajili ya nyama na wengine kwa ajili ya barua, maana habari ilishatangulia. Ng'ombe ameshachinjwa. Kizito amesimama katikati na kengele zake. Sifuna akampa karatasi, akasema, "Soma yote. Usiruke." Mtoto akaanza kwa sauti kubwa, ile sauti ya shuleni. Alipofika "hakuna aliyenisingizia" akanyamaza. Watu wakadhani ameshindwa kusoma mwandiko. Akarudia mstari ule tena, polepole, kama anayesoma kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akasoma mpaka mwisho. Kengele zilikuwa zinalia zenyewe mikononi, Nekesa akasema, lakini sauti haikutetemeka.

Bibi yake Nabwile alilia ndani ya nyumba. Sifuna akaichukua karatasi, akaitia mfukoni, akamvisha nyama. Akamtukana kidogo kama khocha anavyotakiwa, akamwambia, "Nenda ukasimame. Mguu wako, si wa mwingine."

"Alisema nini juu yangu? Kizito."

"Hakusema kitu."

"Hata kitu kimoja?"

"Baba Kizito, hakusema kitu."

Nimefurahi, na ninaona aibu. Vyote viwili havitoki. Mwanangu amekuwa mtu mzima mbele ya kijiji kizima kwa kusoma ubaya wangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mahindi yamekauka nusu. Mzee Mathenge leo amesema, "Mukhisa, hamjambo." Wingi wa nini sijui, nilikuwa peke yangu. Nikajibu hatujambo.

Jumapili, 22 Septemba

Nekesa peke yake. Kizito amerudi shule. Hakutuma salamu.

Jumapili, 6 Oktoba

Vivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tunakata mahindi na kuyasimamisha mafungu mafungu. Mahindi yenyewe mazito, mistari ya punje imenyooka. Afande Kimeli amesema ni mavuno mazuri kuliko ya miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyenitazama, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Jumapili, 20 Oktoba

Waliniita kwenye wavu. Nikadhani ni Nekesa. Walikuwa Sifuna na Kizito.

Mtoto amerefuka. Sifuna alisalimia, "Shemeji," nami nikaitikia, "Shemeji," na hayo ndiyo maneno yetu yote baada ya mwaka na nusu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili akaegemea ukuta. Hakuja kuongea, alikuja kumsindikiza.

Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Miezi miwili nimejitayarisha. Nilikuwa na majibu ya unyenyekevu, nimeyapanga.

"Baba," Kizito akasema. Sauti imekuwa nzito. "Wale watatu niliopigana nao. Nimewaendea kwao nyumbani, mmoja mmoja. Nimewaomba msamaha."

Nikasema, "Ile ilikuwa kosa langu, si—"

"Nilisoma. Lakini ngumi zilikuwa zangu." Akangoja. "Yule wa jino, baba yake alinifukuza. Nikarudi kesho yake. Wawili walinipa mkono."

Nikamwambia amefanya vizuri. Nilitaka kusema zaidi, lakini hakunipa nafasi.

"Sasa wewe," akasema, "wako ni wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Wale uliowauzia."

Nikasema sikumbuki. Ni muda mrefu, nikasema, na watu walikuwa wengi, na vitabu vya duka vilichukuliwa. Mambo hayo yote nikayasema haraka haraka. Yeye akanitazama tu, si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

"Kumbuka," akasema. "Ukitoka Februari, Jumamosi mimi sina masomo. Nitakuwa nakusindikiza."

Wakaondoka. Sifuna aliniinulia mkono kidogo, sijui kama ilikuwa kwaheri au ni kofia alikuwa anairekebisha.

Nimerudi, nimekaa mkekani. Mzee Mathenge akauliza kijana amesema nini, nikamwambia. Akasema, "Basi andika. Daftari si unalo."

Nilimdanganya tena mtoto leo, kupitia wavu, dakika kumi baada ya kumwona amekuwa mwanamume. Nakumbuka. Ni thelathini na wanane, na kila mmoja nakumbuka alivyosimama mbele ya kaunta. Nimegeuza ukurasa, nimeandika moja.

Moja: Wakiuru wa Tuwan. Alikuja na mtoto mgongoni. Alinyanyua mfuko akautikisa, akaniuliza, "Hii itaota kweli, baba?" Nikamwambia, "Mama, hii hata ukiitupa barabarani itaota."